Chanda Chema Huvikwa Pete: Tuzo za Rununu na Safari ya Kuacha Sigara Kitale na Bungoma

Utangulizi

Waswahili waliponena kuwa chanda chema huvikwa pete, hawakusema kuwa pete ndiyo inayokifanya chanda kiwe chema. Wema hutangulia, pete hufuata. Methali hii fupi imebeba swali ambalo siku hizi linawashughulisha matabibu, wanasaikolojia na waundaji wa programu za simu kote duniani: je, mvutaji anayetaka kuacha sigara aahidiwe pete ndipo chanda chake kitengenee, au aachwe atengenee kwanza ndipo avikwe?

Swali hilo si la kinadharia tu. Programu nyingi za rununu zinazokusudiwa kuwasaidia wavutaji huhesabu siku ambazo mtu amekaa bila sigara, idadi ya sigara ambazo hakuzivuta na fedha alizookoa. Kila anapotimiza siku moja, wiki moja au mwezi mmoja, programu humpa nishani ya picha, nyota au pointi, na wenzake walio katika kundi moja naye humpongeza. Kwingineko tuzo huwa fedha, vocha au muda wa maongezi. Dhana inayoongoza yote haya ni moja: ubongo uliozoea kutuzwa na nikotini upewe tuzo nyingine mahali pake.

Makala hii inashikilia kwamba tuzo za namna hii zinaweza kuwafaa wakazi wa Kitale na Bungoma, lakini kwa sharti. Zisiletwe zikiwa mchezo wa kukusanya nyota, wala zisiwe ujira wa kununulia tabia. Ziletwe zikiwa sehemu ya mpango wa watu wanaojuana, waliowekeana ahadi na wanaojuliana hali kwa lugha wanayoielewa. Kwa ufupi, kutuza kusitenganishwe na kutunza.

Hali ilivyo

Katika sehemu za kaunti ya Bungoma, tumbaku haikuwa bidhaa ya dukani pekee. Eneo la Malakisi lilijulikana kwa miaka mingi kwa kilimo cha zao hilo, na mkulima aliingia mkataba na kampuni iliyompa mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, kisha ikakata deni lake siku ya kununua majani. Kwa hivyo yamkini katika boma moja akapatikana aliyelima tumbaku, aliyeikausha kwa kuni na aliyeivuta. Wako pia wazee wasioujua moshi lakini wasioweza kukaa bila ugoro. Huko Kitale, mji uliokua kwa mahindi na biashara ya nafaka, sigara huonekana zaidi mjini: kwenye vituo vya bodaboda, kwenye maegesho ya matatu na nje ya baa, ambako huuzwa moja moja ijapokuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilikataza kuuza sigara katika pakiti yenye idadi iliyo chini ya kumi.

Kenya haikukosa kuchukua hatua. Iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2004, ikapitisha sheria iliyotajwa, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kupambana na Matumizi ya Pombe na Dawa za Kulevya, yaani NACADA, ina nambari ya simu ya bure, 1192, kwa wanaohitaji ushauri. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 kuhusu matumizi ya tumbaku miongoni mwa watu wazima ulionyesha kuwa asilimia 11.6 yao, yaani takriban watu milioni 2.5, walikuwa wakitumia tumbaku kwa namna moja au nyingine: asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake. Si jambo la kupuuzwa, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huwaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Ugumu wa kuacha hautokani na ujinga. Mvutaji anajua anachojifanyia. Onyo liko kwenye pakiti, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Tatizo ni hesabu ya muda. Nikotini hufika ubongoni sekunde chache baada ya moshi kuvutwa, ikamtuliza mtu papo hapo. Anayeacha, kinyume chake, hulipwa kwanza kwa wasiwasi, hasira, usingizi wa mang'amung'amu na kushindwa kumakinika, mambo ambayo huwa makali zaidi katika wiki ya kwanza na huweza kuendelea kwa wiki kadhaa. Faida kubwa, ya mapafu na moyo, huja baada ya miezi na miaka. Sigara hulipa leo. Afya hulipa kesho kutwa. Tuzo ndogo inayotolewa mapema hukusudiwa kuliziba pengo hilo.

Mgala muue na haki yake umpe: wa kwanza kulielewa jambo hili walikuwa wauza sigara wenyewe. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kampuni za Marekani na Uingereza ziliweka kadi za picha ndani ya pakiti ili mnunuzi azikusanye, naye akanunua tena ili apate picha aliyoikosa. Sheria ya Kenya ya 2007 ilipopiga marufuku zawadi na mashindano yanayoambatana na ununuzi wa tumbaku, ilikuwa ikikiri kuwa zawadi ina nguvu ya kujenga mazoea. Iwapo zawadi iliweza kutumiwa kuwafunga watu, si ajabu kwamba leo inajaribiwa kuwafungua.

Ushahidi wa tafiti

Je, tuzo hufanya kazi? Jibu la haki ni kuwa hufanya, ingawa si muujiza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwahusisha wafanyakazi 878 wa kampuni ya General Electric nchini Marekani. Nusu yao waliahidiwa hadi dola 750 wakimaliza mafunzo, wakaacha sigara na wakathibitishwa kwa vipimo. Baada ya takriban mwaka mmoja, asilimia 14.7 ya walioahidiwa walikuwa wameacha, ikilinganishwa na asilimia 5.0 ya wasioahidiwa. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya tafiti zaidi ya 30 zenye washiriki zaidi ya 21,000, yalionyesha kuwa tuzo huongeza uwezekano wa kuacha kwa takriban nusu, na kwamba manufaa hayo hubakia hata baada ya tuzo kukoma.

Matokeo hayo yanapaswa kusomwa pamoja na onyo maarufu katika saikolojia. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora. Wengine walipewa cheti bila kutarajia. Wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye, walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Furaha ya kuchora ilikuwa imegeuka kazi ya kutafuta cheti. Wapo wanaoutumia mfano huu kudai kuwa tuzo yoyote huua ari ya ndani.

Dai hilo linahitaji kupimwa. Mtoto alipenda kuchora kabla ya cheti. Hakuna mvutaji anayependa uchungu wa siku ya tatu bila sigara. Hapo hakuna furaha ya kuuawa. Onyo la Lepper linagusa kitu kingine, nacho ni maana ambayo mtu huipa tuzo. Mtu akiiona kuwa sababu ya kufanya jambo, jambo lenyewe hupungua thamani. Akiiona kuwa alama ya jambo alilokwisha kuliamua, tuzo humwimarisha. Watoto waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupoteza hamu yao ya kuchora. Waswahili walikwisha kulisema: pete ni ya chanda chema.

Jambo la pili linalojitokeza katika tafiti ni nguvu ya ahadi. Katika kisiwa cha Mindanao nchini Ufilipino, wachumi Xavier Giné, Dean Karlan na Jonathan Zinman walijaribu mpango ambao mvutaji aliweka fedha zake mwenyewe benki kwa miezi sita. Akipimwa na kuonekana ameacha, alirudishiwa zote. Akishindwa, zilipewa shirika la kutoa misaada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliopewa nafasi ya kujiunga walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufaulu kipimo, na tofauti hiyo ilionekana hata walipopimwa kwa kushtukizwa baada ya mwaka mmoja. Kasoro ni kuwa wengi hawapendi kuweka rehani fedha zao. Katika utafiti wa Scott Halpern na wenzake uliochapishwa mwaka 2015, asilimia 90 ya walioahidiwa zawadi tupu walikubali kujiunga, lakini ni takriban asilimia 14 tu waliokubali kuweka amana. Amana ina makali zaidi kwa anayeikubali. Zawadi tupu huwavuta wengi zaidi. Fundisho hili litarejelewa hapa chini, kwa kuwa Magharibi mwa Kenya kuna asasi inayoweza kuviunganisha vyote viwili.

"Mambo?" "Sawa." "Shida."

Pengine somo kubwa zaidi halikutoka Marekani wala Ufilipino, bali humu humu Kenya, na halikuhusu sigara. Kati ya mwaka 2007 na 2009, watafiti wa mradi wa WelTel waliwafuatilia wagonjwa 538 walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, katika kliniki zikiwemo za Pumwani na Kajiado. Nusu yao walipokea arafa moja kila wiki. Arafa hiyo haikuwa na ahadi ya fedha, nyota wala pointi. Ilikuwa na neno moja la kujuliana hali: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyesema ana shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na muuguzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: asilimia 62 ya waliopokea arafa walizingatia dawa ipasavyo, ikilinganishwa na asilimia 50 ya wasiopokea, na virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya kundi la kwanza dhidi ya asilimia 48 ya kundi la pili.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kutua kwenye matokeo hayo. "Mambo?" ni salamu ya kila siku. Haiamrishi, haikumbushi ugonjwa, na mtu mwingine akiisoma kwenye rununu ya mgonjwa haimfichulii siri. "Shida" ni neno ambalo mtu anaweza kulitamka bila aibu na bila kueleza mengi. Nyuma ya maneno hayo matatu alikuwepo mtu halisi aliyesubiri jibu. Maneno yalifungua mlango. Muuguzi ndiye aliyeingia.

Utafiti mwingine, uliofanywa na Cristian Pop-Eleches na wenzake katika kituo cha afya cha Chulaimbo karibu na Kisumu na kuchapishwa mwaka 2011, unakamilisha picha. Wagonjwa 431 walifuatiliwa kwa wiki 48. Waliopokea arafa kila wiki walizingatia dawa zaidi: asilimia 53 walifikia kiwango kilichokusudiwa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiopokea. Waliopokea arafa kila siku hawakupata nafuu hiyo. Vilevile, kuongeza maneno mengi ya kutia moyo hakukuleta faida iliyozidi ya ujumbe mfupi. Kengele inayolia kila saa haisikiki tena. Programu zinazomnyeshea mtu nishani na hongera kila anapoifungua simu zina cha kujifunza Chulaimbo.

Kuhusu sigara yenyewe, nguvu ya maneno ilionekana nchini Uingereza katika utafiti wa txt2stop, uliochapishwa mwaka 2011 ukiwa na washiriki 5,800. Baada ya miezi sita, asilimia 10.7 ya waliopokea arafa za kuwasaidia kuacha walithibitishwa kuwa wameacha, dhidi ya asilimia 4.9 ya waliopokea arafa zisizohusu uvutaji. Hayo ni maneno matupu, bila senti hata moja, na bado idadi iliongezeka maradufu.

Kutuza na kutunza

Kiswahili kina msamiati mpana wa vitu ambavyo mtu hupewa: zawadi, tuzo, ujira, thawabu, bakshishi, kifuta jasho, kiinua mgongo, takrima, hongo. Maneno haya si visawe. Ujira hulipwa kwa kazi ya mwingine. Thawabu hutarajiwa kwa Mungu. Kifuta jasho hukiri uchovu wa mtu. Hongo hununua uamuzi. Jina likibadilika, kitendo hubadilika machoni pa watu. Nchini Tanzania, kwa mfano, ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura ulipewa jina la heshima la takrima na kuingizwa katika sheria ya uchaguzi, hadi Mahakama Kuu ilipotamka mwaka 2006 kuwa vifungu hivyo vilikiuka katiba. Mkazi wa Bungoma au Kitale, aliyezoea kuona fedha zikimwagwa kila msimu wa kampeni, ataitazama kwa jicho hilo hilo fedha inayoingia katika simu yake "kwa kuwa hukuvuta leo".

Kati ya maneno hayo, tuzo ndilo linalofaa, na sababu iko katika mzizi wake. Kitenzi "tuza" kina pacha wake "tunza", na "tunza" hubeba maana mbili: kumpa mtu zawadi kwa kufanya vizuri, kama mcheza ngoma anavyotunzwa uwanjani, na kumlea au kumhifadhi mtu asidhurike. Lugha yenyewe imekataa kuzitenga maana hizo. Anayekutuza ndiye anayekutunza. Programu inayotoa nyota lakini haijui kama mtu huyo leo amefiwa, amefukuzwa kazi au ameshinda usiku bila usingizi, imeshika nusu ya kitenzi.

Nusu hiyo nyingine haihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Katika jamii ya Wabukusu, tohara hufanyika mwezi wa Agosti kila baada ya miaka miwili. Mvulana huomba mwenyewe kupashwa tohara. Huzunguka kwa jamaa akipiga njuga na kutangaza nia yake; mjombake humvisha nyama shingoni; asubuhi ya siku yenyewe husimama wima mbele ya kadamnasi. Akishastahimili, ndipo jamaa wanapomtunza kwa zawadi, na baadaye huuguzwa na kupewa mafunzo. Hapa yamo yote ambayo tafiti za kisasa zinayapigia mbiu: uamuzi wa hiari, ahadi ya hadharani, mashahidi wanaojulikana, tuzo inayofuata ushujaa na uangalizi baada ya tuzo.

Hata hivyo, mfano huo una kikomo. Jandoni, anayetetemeka hubeba fedheha kwa muda mrefu. Katika kuacha sigara, kutetemeka ni jambo la kawaida. Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Programu inayorudisha hesabu kwenye sifuri na kufuta nyota zote kwa sababu ya sigara moja iliyovutwa matangani huiga fedheha ya jandoni bila malezi yake. Ingefaa siku 40 za mtu zibaki kuwa siku 40, na siku ya kuteleza iandikwe kuwa siku moja.

Chama badala ya nyota

Asasi inayoweza kubeba mpango huu Kitale na Bungoma ni chama. Kikundi cha watu kumi hadi 20 wanaochanga kila wiki na kupokezana fedha ni jambo linalojulikana na muuza mboga wa Chwele, mwendesha bodaboda wa Kiminini na mwalimu wa Kimilili. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, mchango huo huweza kutumwa kwa rununu, na rekodi yake ikabaki. Ukubwa huo wa kikundi una ushahidi pia. Utafiti mdogo wa Cornelia Pechmann na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uliwaweka wavutaji katika vikundi vya watu 20 waliojuliana hali mtandaoni kwa siku 100. Kwa mujibu wa taarifa zao wenyewe, asilimia 40 walidumu bila sigara, dhidi ya asilimia 20 ya wenzao waliopewa vibandiko vya nikotini na tovuti ya ushauri bila kikundi.

Chama cha kuacha tumbaku kingeweza kuendeshwa hivi. Kila mwanachama aweke amana ndogo kila wiki, labda thamani ya sigara ambazo angezivuta kwa siku moja. Kaunti au mfadhili aongeze kiasi juu yake, ili wasioweza kuthubutu amana tupu wavutwe na zawadi. Kila Jumatatu arafa moja tu imfikie kila mmoja, naye ajibu kwa neno moja. Anayesema "Shida" apigiwe simu na mwanachama aliyepangiwa zamu, na tatizo likizidi, aunganishwe na mshauri wa 1192 au mhudumu wa afya wa kituo cha karibu. Kila mwezi wanachama wapimwe, na aliyefaulu arudishiwe amana yake pamoja na nyongeza mbele ya wenzake. Aliyeteleza asipoteze yote. Sehemu ya amana yake isubiri mwezi unaofuata. Dawa zisisahauliwe: vibandiko na ubani wa nikotini vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na hakuna nyota wala shilingi inayoweza kufanya kazi yake.

Mkulima wa tumbaku naye anatoa ushahidi wa kuunga mkono mpango wa aina hii. Kufikia mwaka 2023, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani ilipobeba wito wa kulima chakula badala ya tumbaku, mashirika matatu ya Umoja wa Mataifa, WHO, FAO na WFP, yalikuwa yameanzisha Migori mradi wa kuwasaidia wakulima kuhamia maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi. Hawakupewa nishani za kuacha tumbaku. Walipewa mbegu, mafunzo, mikopo na soko, yaani mambo yale yale ambayo kampuni iliwapa. Kinachomshikilia mtu huachiliwa pale kinapopatikana cha kushika mahali pake.

Pingamizi

Yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la haki: kwa nini mvutaji alipwe kwa kuacha jambo ambalo jirani yake hakulianza kamwe? Pingamizi hili lina uzito kwa zawadi tupu, lakini hupungua nguvu pale ambapo sehemu kubwa ya fedha ni ya mtu mwenyewe. Aidha, jirani huyo huyo huchangia matibabu ya saratani na maradhi ya moyo kupitia kodi na harambee.

La pili ni udanganyifu. Kipimo cha pumzi hutambua gesi ya kaboni monoksidi, lakini gesi hiyo hupungua mwilini katika muda wa siku moja hivi, na kipimo hicho hakimgusi kabisa anayenusa ugoro. Kipimo cha kotinini katika mate au mkojo hutambua matumizi ya siku kadhaa, lakini ni cha gharama. Kipimo pekee hakitoshi. Macho ya wanachama wanaokutana sokoni na kanisani ni mlinzi wa pili. Macho hayo yana hatari yake, kwa kuwa ulinzi huweza kugeuka upelelezi na masengenyo, na ndiyo maana kujiunga kuwe kwa hiari na kila chama kijiwekee kanuni za siri.

La tatu ni usawa. Si kila mtu ana rununu yake. Mwanamke anayetumia tumbaku kwa siri, na anayetumia simu moja na mumewe, atalipa gharama kubwa zaidi ya kujulikana kuliko mwanamume. Kwa huyo, arafa isiyotaja tumbaku ni ngao. "Mambo?" humhifadhi pale ambapo "Hongera, umemaliza siku saba bila sigara" ingemwanika.

La nne ndilo zito zaidi, nalo ni kamari. Vijana wengi wa Kitale na Bungoma tayari wanaijua tuzo ya rununu kupitia michezo ya kubahatisha iliyoshamiri nchini katika miaka ya 2010. Baadhi ya mipango ya kuacha uraibu hutoa tuzo kwa bahati nasibu: anayefaulu kipimo huchota karatasi, na huenda akapata kikubwa au asipate kitu. Mipango hiyo ina ushahidi wake kwingineko. Hapa ingekuwa sawa na kumtoa mtu katika moshi na kumtia katika moto. Tuzo iwe ndogo, ijulikane kiasi chake na siku yake, na isiwe na chembe ya bahati.

Hitimisho

Mjadala wa kuacha tumbaku umeachiwa madaktari na wahandisi wa simu kwa muda mrefu, nao wameufanya kwa Kiingereza. Matokeo yake ni programu zinazompongeza mkulima wa Malakisi kwa misemo iliyotafsiriwa neno kwa neno, na nishani zenye majina ambayo hayamwambii kitu. Vyama vya Kiswahili vyuoni vina kazi hapa, na si kazi ya kutafsiri tu. Wanafunzi wanaweza kukusanya maneno ambayo wavutaji wa Kitale na Bungoma huyatumia wanapoielezea hamu ya sigara, wayalinganishe na Lubukusu, Kisabaoti na lugha nyingine za eneo hilo, waandike arafa fupi, wazijaribu kwa wasomaji na kuwapa wahudumu wa afya zile zinazojibiwa. Mhadhiri anayetafuta mada ya tasnifu ya mwanafunzi wake hana haja ya kwenda mbali.

Neno "Mambo?" lilibuniwa na wasemaji wa Kiswahili, si na maabara, na likasaidia kuwaweka watu kwenye dawa. Anayejaribu kuacha sigara leo katika stendi ya Kitale anahitaji neno kama hilo, mtu wa kulisubiri jibu lake, na siku ya mwisho wa mwezi ambapo wenzake watamrudishia amana yake mkononi. Nyota kwenye kioo cha simu zinaweza kuongezwa baadaye, akipenda.